Tundu Ubavuni mwa Friji

Jumapili, 2 Oktoba 2005

Leo Muindi ameomba kitu. Tangu mwezi wa sita mume wangu hajaomba chochote, hata maji. Ukimpa anakunywa, usipompa anakaa. Nilipotoka kanisani nilimkuta jikoni amesimama mbele ya friji, viganja vyote viwili mlangoni, akiipapasa kama mnunuzi anavyompapasa ng'ombe sokoni. Akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia mna maziwa, sukuma wiki na nusu ya tikiti. Akasema nivitoe. Anataka kuigeuza iwe friji ya bia ya pipa, ile inayomiminwa kwa mfereji kama kule baa.

Nilikwenda kuosha mboga. Naandika katika daftari hili, lililobaki darasani kwangu muhula uliopita, kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitapaza sauti, na jirani yetu Nzembi atasikia kule ng'ambo ya ua.

Jumanne, 4 Oktoba

Hakuna wingu. Nimepanda mahindi na maharagwe ndani ya vumbi, kama kila mtu hapa Mitaboni.

Jumamosi, 8 Oktoba

Amerudia ombi lake kila siku wiki nzima, kwa sauti ileile ya chini. Basi niandike mara moja yaliyotupata, nisiyarudie tena.

Muindi ni fundi wa friji. Miaka kumi na tisa ametengeneza friji za baa na bucha kuanzia hapa hadi Machakos mjini. Jumamosi moja mwezi wa sita alikwenda na mdogo wake Jeremiah, mume wa Nzembi, kutengeneza friji ya bucha. Walipomaliza wakashuka bondeni kwa mama mmoja anayeuza pombe ya kupimiwa kwa glasi. Walikuwa watu tisa pale, wao wawili wakiwemo. Muindi alirudi akitembea vizuri, akala, akalala.

Asubuhi aliniuliza, "Nduku, mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni. Nilikuwa bado nimesimama pale nikasikia Nzembi akiniita kutoka kwake kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Jeremiah alifia njiani kabla hatujafika hospitali. Wengine wawili waliokunywa pale walikufa kesho yake. Muindi alikaa wodini siku tisa, na daktari akaniambia nisimdanganye mgonjwa: mshipa wa macho umekufa, hakuna miwani wala upasuaji.

Nzembi hajasema na Muindi tangu maziko. Binti zake wawili huja kula kwangu, na mimi sikujaliwa mtoto, kwa hiyo huwapa mezani nafasi zote mbili zilizo karibu nami. Mama yao hubaki kwake.

Na sasa mtu huyu anataka pombe iingie nyumbani mwangu, isimame jikoni, ipoe.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nilimuuliza sababu. Anasema walishuka bondeni kwa kuwa bia ya chupa hawakuiweza bei yake. Hii ya pipa ni rahisi, na ni safi, hutoka kiwandani imefungwa na hakuna anayeitia kitu. Anasema kama angekuwa na friji hiyo hapa, Jeremiah angekuwa hai. Anataka kuwaita wale watano waliobaki waje wanywe kitu safi, wote pamoja, siku moja tu.

Nikamuuliza, "Halafu?"

"Halafu nitanyamaza."

Nimekubali. Sikukubali kwa sababu ya maneno yake. Jana, akidhani sipo, alikuwa amepiga magoti akipima kimo cha friji kwa shubiri zake huku akihesabu kwa Kikamba. Kisha akala ugali wote. Kwa miezi minne nimetupia kuku ugali wake.

Jumapili, 16 Oktoba

Hakuna mvua. Tumetoa rafu zote na lile trei la barafu. Muindi ananifundisha majina. Najua sasa mota iko wapi na gesi ya kupoza hupita wapi, mambo ambayo sikuyajua katika miaka kumi na saba ya ndoa. Friji hii aliiunda mwenyewe kutoka friji mbili mbovu, mwaka tulioletewa umeme.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimekwenda mjini na barua mbili nilizoandika kwa maneno yake. Moja ni ya Gatimu, mwenye baa ambaye Muindi amemtengenezea friji tangu alipofungua. Alisoma akiwa amesimama, akatoa mfereji wa shaba na vifungo vyake kwenye mashine yake ya zamani, akanifungia kwenye gazeti. Pipa lenyewe pamoja na mtungi wa gesi inayosukuma bia atavileta siku itakapofika. Alisema, "Mwambie Muindi hiyo pipa isitingizwe, na ilale kwa baridi usiku mzima. Ikipata joto itatoa povu tupu." Kisha akasema Muindi anajua hayo kuliko yeye, akageuka akajifanya anapanga chupa.

Barua ya pili ni ya Mudi, ambaye walijifunza ufundi pamoja na sasa ana duka la spea karibu na msikiti. Niliogopa kumpa kwa kuwa ni Mwislamu. Aliisoma mara mbili.

"Shemeji, mimi nitafanya kazi ya friji," akasema. "Friji si haramu. Hiyo pipa siwezi kushika, na siku ya kunywa sitakuja. Lakini kama kuna kuchomelea, aniite mimi, asiite mtu mwingine."

Jumatano, 26 Oktoba

Mawingu juu ya vilima vya Iveti toka asubuhi. Saa kumi yakaondoka.

Jumapili, 30 Oktoba

Jambo limejulikana. Baada ya ibada akina mama walinisubiri chini ya ukuta wa kanisa. Mwenyekiti wao, mwanamke mpole, aliniambia ingefaa nipumzike kuongoza kwaya mpaka mambo ya nyumbani kwangu yatulie. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana.

Jioni nilikuwa nje nikisugua rafu za friji alipokuja Nzembi. Alisimama upande wake wa ua.

"Mwalimu, ni kweli mnaweka bia hapo ndani?"

Nikasema ni kweli.

"Kutoka hapo hadi kwa kaburi ya bwana yangu ni hatua ngapi?"

Niliendelea kusugua. Ni hatua arubaini hivi. Muindi alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Nzembi hakumtazama. Aliwaita binti zake, waliokuwa bado wanakula kwangu, wakaacha sahani na kumfuata.

Alhamisi, 3 Novemba

Mvua! Robo saa. Harufu ya udongo ilinitoa machozi.

Jumatano, 9 Novemba

Mahindi yameota. Hakuna mvua tena. Binti za Nzembi hawaji kula. Muindi amefunga ubao mnene ndani ya friji, chini, kwa ajili ya uzito wa pipa, na jana tulitoboa tundu la mfereji mlangoni, mimi nikishika drili na yeye akishika mikono yangu. Lilitoka sawasawa. Alicheka. Sikujua kama nilitaka kucheka au kumsukuma.

Jumamosi, 12 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Lilibaki tundu moja, la ubavuni, la kupitishia mpira wa gesi kutoka kwenye mtungi utakaokaa nje. Ubavu ndio mahali pa hatari, kwa sababu ndani ya bati mna bomba jembamba la friji yenyewe. Ukilitoboa, friji imekufa. Muindi aliniambia niwashe mota tungoje. Baada ya nusu saa aliweka viganja vyake kwenye bati, akavisogeza polepole sana, juu, chini, kichwa kimeinama. Palipo na bomba bati hupata joto kidogo. Mimi niligusa palepale nikasikia bati tu. Yeye alilisoma lote.

"Hapa joto. Hapa joto. Hapa pa baridi. Weka chaki hapa."

Niliweka alama. Akarudi nyuma, akakaa kwenye kiti, mikono magotini, akanipa ruhusa kama anavyomruhusu fundi mwenzake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita nyumbani kwa Nzembi na chakula cha watoto. Aliufungua mlango, akaniona, akaufunga, sahani nikabaki nayo. Nilimwangalia Muindi amekaa pale, uso umetulia, karibu ana furaha, na nikafikiri: kati yetu watatu huyu peke yake ndiye aliyepata cha kungojea. Niliweka ncha ya drili kwenye chaki. Kisha nikaisogeza vidole vitatu kuelekea kwenye joto. Sitaandika kwamba mkono uliteleza. Mkono ulijua.

Gesi ilitoka kwa pumzi moja ndefu. Muindi aliinuka kabla sijatoa drili. Alizima mota mwenyewe, akaligusa tundu kwa kidole, akanusa kidole. Nilingoja aniulize. Kama angeniuliza ningesema.

Alisema, "Nimesoma vibaya." Akavipangusa viganja kwenye suruali, tena na tena. "Hata hii mikono imeenda."

Jumapili, 13 Novemba

Hajaamka.

Jumatatu, 14 Novemba

Hajala.

Alhamisi, 17 Novemba

Jua. Mahindi yamejikunja majani. Nimemlisha uji kwa kijiko. Kikombe nilipompa alikirudisha, akasema nikishike mimi.

Jumatatu, 21 Novemba

Leo kura ya maoni ya katiba, ndizi ni ndiyo, chungwa ni la. Darasa langu lilikuwa kituo. Sikudhani Muindi angetaka kwenda, lakini aliamka akavaa shati, akashika bega langu, tukashuka. Karani alituuliza nani atamsaidia asiyeona kuweka alama. Muindi akasema ni mimi.

Ndani ya kile kibanda cha kadibodi aliniambia kwa sauti ya chini nimwekee wapi. Kisha akasema, "Nakuamini wewe. Mimi mwenyewe sijiamini tena."

Niliweka alama pale alipotaka. Niliikagua karatasi mara mbili kabla ya kuikunja.

Tulipofika nyumbani nilimketisha mezani nikamwambia. Nilisema hivi: "Muindi, mikono yako haikukosea. Ulinionyesha pa baridi, nikaweka chaki pa baridi. Mimi ndiye niliyesogeza drili."

Kuku aliingia, akatoka.

"Ulisogeza kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

Aliweka vidole vyake vitatu juu ya meza, akavibana pamoja, kama anayepima.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa, Nduku, naogopa kushika kikombe."

Nilimwomba msamaha. Aliomba blanketi, akalala kwenye kochi sebuleni.

Ijumaa, 25 Novemba

Bado yuko kwenye kochi. Anakula. Kikombe anakishika.

Jumamosi, 3 Desemba

Nilimfuata Mudi mjini nikamweleza yote, na yeye hakuniuliza sababu. Alikuja leo na mitungi yake, akakata bati ubavuni, akachimbua sifongo la kuzuia joto, akalipata bomba, akalichomelea, akajaza gesi upya. Muindi alikaa karibu naye akimpa vifaa. Mudi alinyoosha mkono bila kusema neno, na Muindi akaweka koleo palepale. Walifanya kazi hivyo hadi adhuhuri. Mimi niliwaletea chai nikaondoka.

Akiaga, Mudi aliniambia tukiwa wawili, "Shemeji, hiyo bomba imeshika. Hayo mengine mimi sina gesi yake."

Jumatano, 7 Desemba

Hakuna mvua. Jirani zetu wameanza kung'oa mahindi kulisha mbuzi. Mimi bado nangoja, sijui nangoja nini.

Jumapili, 11 Desemba

Muindi amenituma kwa wale watano. Sasa husema nami kama mtu anayetuma karani: nenda, waambie, rudi. Wote walikubali. Mmoja, ambaye mikono yake hutetemeka tangu siku ile, alinishukuru. Wake zao walisimama nyuma yao kimya.

Aliniambia pia nimwite Nzembi. Nilimpelekea neno kwenye ua. Alichukua ndoo yake akaingia ndani.

Ijumaa, 16 Desemba

Gatimu ameleta pipa kwa pikapu. Wanaume wawili walilibeba kama mgonjwa, bila kulitikisa, wakaliketisha ndani ya friji juu ya ubao. Liliingia kana kwamba friji ilizaliwa hivyo. Gatimu akafunga mpira wa gesi, akafungua mtungi kidogo, akatega sikio pamoja na Muindi. Hakuna kinachovuja. Usiku kucha mota imenguruma. Mimi niko chumbani, yeye kwenye kochi, friji katikati yetu.

Jumamosi, 17 Desemba

Saa nane tulikuwa tayari. Niliazima mabenchi shuleni, nikapanga glasi. Muindi alivaa shati lile la kura. Saa tisa hakuna mtu. Saa kumi hakuna mtu. Mtoto alitumwa kusema baba yake anaumwa na tumbo. Mwingine nilimwona kwa macho yangu akipita barabarani upande wa pili, mkewe akiwa mbele, naye hakugeuza shingo. Sikumwambia Muindi. Alikuwa akiniuliza kila nyayo zikisikika ni za nani, baadaye akaacha kuuliza.

Saa kumi na moja aliingia Nzembi. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya maziko. Hakuketi kwenye benchi, alikalia kigoda alichokuja nacho mwenyewe.

Muindi alimjua kwa hatua. Aliinuka, akaenda kwenye friji, akashika glasi chini ya mfereji. Kwanza lilitoka povu, akalimwaga. Kisha alisikiliza glasi ikijaa, na ilipokaribia ukingo akafunga. Hakuna tone lililomwagika. Bia ilikuwa nyeupe juu na ya dhahabu chini, na glasi ilitoka jasho. Aliiweka mbele ya Nzembi. Yeye mwenyewe hakujimiminia.

Akasema, "Jeremiah alitaka kurudi nyumbani siku ile."

Nzembi alimgeukia.

"Alisema umepika mbaazi. Mimi nikamwambia tupitie moja tu. Nililipia yangu na yake. Alionja akasema ina harufu. Akataka kuiacha. Nikamwambia asimwage pesa yangu."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Haya sikuwahi kuyasikia. Miezi sita nimemwogesha, nimemlisha, nimemlilia mtu huyu, naye alikuwa nayo.

"Ni hiyo umeniitia?" Nzembi akauliza.

"Ni hiyo."

"Hawa wengine hukuwa unawataka."

"Niliwataka wasikie. Hawakuja."

Nzembi alitazama glasi mpaka povu likaisha kabisa. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi nilikuwa nasema ni Mungu amemchukua. Watoto nimewaambia ni Mungu. Sasa wewe umetua mzigo, umenipatia mimi nibebe." Akainuka. "Kila siku nikikuona hapo nje nitasikia hiyo neno. Asimwage pesa yako."

Aliondoka akiwa amebeba kigoda. Glasi ilibaki imejaa. Muindi aliitafuta kwa mkono juu ya meza, akaipata, akainusa, kisha akatapika sakafuni. Hakuwa ameonja hata tone. Nilipangusa. Sikumgusa.

Jumatano, 21 Desemba

Gatimu amekuja kuchukua pipa. Bia imeanza kuchacha, karibu yote iko ndani. Aliuliza kama arudishe jingine mwezi ujao.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Chapati mbili. Jua.

Jumanne, 27 Desemba

Nzembi amehamia kwao Muthetheni na watoto. Walipakia kitanda, masanduku na mbuzi mmoja. Binti mkubwa alikuja kuniaga mbio mbio, akanikumbatia kiunoni, mama yake akamwita. Muindi alikaa ndani mpaka gari likaondoka. Kisha akaniuliza kama wamechukua na mlango, maana alisikia kama nyundo. Nikamwambia wamepigilia mbao madirishani.

Ijumaa, 30 Desemba

Leo nimeng'oa mahindi. Mizizi haikuwa imeshika kitu, yalitoka kama nywele za mgonjwa. Nilikuwa mwisho wa shamba nikamwona Muindi kwa mbali amesimama nje, ameshika kamba ndefu ya mkonge, anaipapasa toka ncha hadi ncha. Nilitupa jembe nikakimbia. Sikumbuki kuruka mtaro.

Nilipofika alikuwa amefunga ncha moja kwenye nguzo ya mlango, usawa wa kiuno. Alisikia pumzi zangu.

"Nimeomba Mudi aniletee," akasema. "Inatoka hapa inaenda mpaka choo. Ingine itaenda kwa tangi ya maji."

Nikanyoosha mkono nimshike kiwiko nimpeleke.

"Usinishike, Nduku. Nataka kujua njia."

Sauti haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni. Alishuka peke yake, mguu mmoja kabla ya mwingine, akiikunjua kamba nyuma yake, akajigonga kwenye jiwe, akasimama, akaendelea. Ilimchukua muda mrefu kufika. Nilikaa mlangoni nikimtazama akiitafuta pembe ya choo kwa kiganja, akizungusha kamba, akiifunga.

Akiwa bado kule niliivuta kidogo upande wangu nijaribu fundo. Limekaza. Halihitaji mtu wa kulirekebisha.